Sebule ya Mama Pasi

Simu ilipolia, Mkubwa alikuwa anaandikisha mgonjwa aliyevimba shavu. Kliniki ile ya meno ilikuwa na chumba kimoja cha mapokezi, meza ya mbao, na benchi mbili za plastiki ambazo kila aliyezikalia alijishika taya, utadhani wote wamezabwa kibao na mtu mmoja. Mkubwa akatazama kioo cha simu. Alikuwa Kitinda, mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, fundi wa mafriji wa mji mwingine, aliyekuja kumuuguza mama yao hospitalini.

"Mkubwa, umekaa?"

"Kazi yangu si ndiyo hiyo ya kukaa? Sema."

Mkubwa akamsikia anavuta pumzi, akasikia na toroli linapita huko alikokuwa, magurudumu yakilia kwa kukosa mafuta.

"Mama ametuacha," akasema. "Sasa hivi tu. Nilitoka kufuata maji ya moto, kurudi nakuta wamemfunika."

Basi aibu ya kwanza ya msiba ule ilianzia hapo hapo mezani. Maana mdomo wa Mkubwa, ulioizoea kazi kuliko mwenyewe alivyojua, ulifunguka ukaita, "Anayefuata!" Mzee mmoja akainuka na kadi yake. Mkubwa akaipokea. Akaandika tarehe, akaandika umri, akauliza ni jino la juu au la chini.

"La chini, mama. Gego."

"Pole," Mkubwa akamwambia. "Mama yangu amefariki."

Yule mzee akasahau gego. Akazunguka meza, akamshika mabega mtu asiyemjua, na hapo ndipo machozi yalipopata njia. Lakini hata alipokuwa analia, Mkubwa aliona haya. Habari ya mama yake imemfikia, naye ameita anayefuata.

Marehemu mtaani kwake aliitwa Mama Pasi, na jina hilo hakulipata bure. Tangu ujana wake hadi nywele zilipogeuka nyeupe alikuwa mpiga pasi kwenye dobi kubwa, ile inayopokea mashuka ya hoteli na makoti ya madaktari. Chumba cha pasi hakikuwa na dirisha linalofunguka. Mvuke ulipanda ukagonga dari, ukarudi chini kama mvua ya moto, na wanawake waliosimama kwenye zile meza ndefu walijifunga vitambaa vichwani, si kwa urembo, bali jasho lisidondokee nguo za wenyewe. Mama Pasi alikuwa na alama za moto mkono wa kulia, zimepandana kama vidato vya ngazi. Ukimuuliza alikwambia hizo ni nyota zake za cheo. Alikuwa akitazama shati anakusomea tabia ya mwenye nalo. "Huyu kwa watu muungwana, kwake mkali," alisema siku moja kuhusu mteja fulani. "Kola inang'aa, makwapa yamepasuka kwa kutupa mikono."

Mumewe alikufa watoto wakiwa wadogo. Pasi ile ikawalisha, ikawavika, ikawapeleka shule. Mkubwa alisoma mpaka akapata kazi ya mezani. Kitinda akajifunza mafriji, na mama yake alimcheka sana kwa hilo. "Mama kachomeka maisha yake yote, mtoto kakimbilia kwenye barafu!"

Alipostaafu, Mama Pasi alifungua mlango wa nyuma wa nyumba yake, akasimama kizingitini. Nyuma palikuwa na kiwanja kidogo kilichobanwa na kuta za majirani pande zote, kimesakafiwa saruji na marehemu mumewe kwa ajili ya gari ambalo halikuwahi kupona. Gari lenyewe lilishakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kilichobaki ni saruji, doa la oili, na joto la kupikia mkate.

"Nimekula mvuke maisha yangu yote," akasema. "Sasa nataka kivuli changu mwenyewe."

Akaenda kuazima nyundo kwa jirani wa ukuta, dereva wa lori mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Honi. Sikio lake moja lilikuwa limekufa kwa kelele za injini, na yeye aliongea kana kwamba walimwengu wote nao ni viziwi.

"UNABOMOA NYUMBA, MAMA PASI?"

"Nabomoa jiko, mzee. Nipe nyundo, acha kuamsha wafu."

Akavunja saruji kidogo kidogo, asubuhi asubuhi kabla jua halijapanda. Vipande hakuvitupa, alivirundika pembeni ya ukuta, na mijusi ikahamia humo bila kuomba ruhusa. Akapanda mpera. Akapanda kichaka cha maua mekundu marefu kama vifilimbi, na mmea wa kutambaa uliofunika ukuta mpaka ukuta ukasahaulika. Beseni kubwa la bati ambalo wenzake wa dobi walimuaga nalo alilichimbia ardhini, akalijaza maji, akapanga mawe ndani yake kama ngazi, ili anayeanguka apate pa kutokea. Majani makavu hakuyafagia. Dawa ya wadudu hakuinunua. Akikuta jani limetobolewa alisema, "Nimealika mwenyewe, nitanyimaje chakula?"

Wakaja kweli. Vyura waliimba jioni kwenye beseni. Kereng'ende walikuja, na vipepeo, na nyuki wapole waliolala kwenye vipande vya mianzi alivyoning'iniza chini ya paa. Na kwenye yale maua mekundu alikuja chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda na manyoya ya kumetameta, akawa anasimama hewani na kunyonya. Mama Pasi alimpenda yule ndege kuliko wote, kwa ajili ya jina lake. Jirani akija na matatizo yake, akaanza kulia, alimwambia, "Humu ndani chozi ni ndege. Hilo lako kalimwage nje, kisha urudi ukae."

Na watu walikaa. Mzee Honi alikuja kila jioni. Nesi wa nyumba ya kona alikuja akitoka zamu ya usiku, akavua viatu, akatia miguu kwenye majani, akasinzia kwenye kiti kabla ya kwenda kwake kupika. Palikuwa padogo, viti vinne vikiwekwa cha tano kilikaa mlangoni. Lakini aliyeingia mle alishusha sauti bila kuambiwa. Hata Mzee Honi alijaribu, Mungu anamwona.

Mkubwa ndiye aliyeshindwa kupapenda.

Kwake yeye, uwanja wa mtu mwenye heshima ni ule uliofagiwa ukabaki na mistari ya ufagio. Alitoka mtaa ule kwa jasho, akaolewa kwenye familia ya watu waliopiga nyumba zao rangi kila mwaka, na kila alipomfikiria mama yake akiishi na vyura alihisi kama mtu aliyevaa gauni zuri lenye tundu mgongoni. Akaogopa siku ambayo watu wataliona hilo tundu. Siku hiyo ikaja. Wakwe zake walikwenda kumjulia hali mama, na Mama Pasi, kwa furaha yake yote, akawapangia viti nyuma, chini ya mpera, akawaletea chai. Chura akaruka kutoka kwenye beseni akatua juu ya kiatu cha mama mkwe. Mama mkwe akapiga yowe. Kikombe kikaenda upande wake, na yeye upande wake.

Mama Pasi alicheka mpaka akaushika ukuta. "Usimwogope, dada! Huyo ndiye mwenyeji, sisi ndio wageni!"

Wakwe nao wakacheka, cheko la adabu. Mkubwa hakucheka. Alisubiri mpaka gari lao likakunja kona, kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, umenivua nguo mbele ya wakwe zangu."

"Kwa chura, mwanangu?"

"Kwa chura, kwa mijusi, kwa hili pori lote! Wageni wanakaa sebuleni, mama. Sebuleni! Watu hawakaribishwi porini."

Mama Pasi akainama. Akaokota vipande vya kikombe kimoja kimoja. "Haya," akasema mwishowe. "Nimesikia. Sebuleni."

Tangu siku ile Mkubwa alipokwenda kumtembelea alipokelewa ndani, kwenye sebule ya mbele, juu ya makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, vimepigwa pasi vikakakamaa kama karatasi. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Mkubwa akaamini ameshinda. Alikuja Jumapili, baada ya ibada, na sare yake ya kwaya, akanywa chai, akatazama saa, akaaga. Kulikuwa na mama, mtoto na vitambaa vyeupe, na maneno yalikuwa machache.

Sasa mama hayupo, na jioni ile ukoo ulikusanyika katika nyumba ya marehemu. Kitinda alimvuta dada yake kando, jikoni, karibu na sinki.

"Jana jioni aliongea na mimi," akasema. "Alikuwa amechoka, lakini akili zake zote zipo. Kaniambia, 'Mwambie Mkubwa, sebuleni pangu pasiguswe.' Nikamuuliza, mama, pasiguswe nini? Akasema, 'Yeye anajua.'"

Mkubwa akajifuta macho. "Ndiyo, najua," akasema, na moyo wake ukajaa, maana katika maneno ya mwisho ya mama yake jina lilikuwa lake. Akavifikiria vile vitambaa vyeupe. Akaapa mbele ya Mungu kwamba agizo hilo atalitimiza, hata ukoo mzima uje juu.

Na ukoo ulikuja juu. Baba Mdogo, ndugu wa marehemu baba yao, ndiye aliyeshika mambo ya msiba. Alikuwa mtu wa amri, na jambo la kwanza aliloamuru ni makochi yatolewe sebuleni, watu wapate nafasi ya kukaa. Mkubwa akasimama mlangoni, mikono ameitandaza.

"Asiguse mtu humu."

"Mkubwa, msiba huu. Watu wakae wapi, juu ya paa?"

"Mama kaacha neno. Sebuleni kwake pasiguswe. Muulizeni Kitinda."

Kitinda akatikisa kichwa kukubali. Baba Mdogo akashusha pumzi kama tairi. "Neno la marehemu ni neno. Sasa watu?"

"Wakae nyuma."

"Nyuma kuna msitu, binti yangu."

"Basi pasafishwe," Mkubwa akasema.

Akaifunga sebule, akauweka ufunguo kwenye kibindo. Na ukweli usemwe, Mungu anisamehe nikiandika, wakati anasema neno lile "pasafishwe" alisikia unafuu. Wafanyakazi wenzake wa kliniki wangekuja. Kwaya ingekuja, na wakwe. Hakutaka wamkute mama yake katika pori. Alitaka angalau siku ya mwisho mama yake aonekane mtu wa watu, uwanja umefagiwa, viti vimepangwa mistari. Alidhani anamstiri.

Kesho yake asubuhi Baba Mdogo alikwenda kushughulikia kaburi. Mzee Honi, ambaye ndiye aliyemkimbiza Mama Pasi hospitalini siku alipozidiwa, aliomba kwenda naye. Nesi wa nyumba ya kona siku hiyo alikuwa zamu ya asubuhi. Majirani wengine wote walikuwa makazini. Kwa hiyo hapakuwa na wa kusema.

Kitinda akashika panga. Hakuwa na moyo nalo, lakini tangu utoto alizoea kufanya alichoambiwa na dada yake. Akakata kichaka cha maua mekundu. Akauvuta ule mmea ukutani, ukatoka mzima kama blanketi, na mijusi ikamwagika chini ikikimbia huku na huku. Mkubwa alifagia majani makavu, tabaka juu ya tabaka, na chini yake udongo ulikuwa mweusi na laini, umejaa nyungunyungu. Akafumba macho akaendelea kufagia.

"Na beseni?" Kitinda akauliza.

"Mwaga. Yatazaa mbu hayo."

Akayamwaga kwenye mfereji. Kisha akapanda kwenye mpera na msumeno.

"Mkubwa. Kuna kiota huku. Kinaning'inia, kidogo kama mfuko."

"Kina mayai?"

"Sioni. Nikifika karibu ndege ananipigia kelele."

Mkubwa akatazama juu. Jua lilimpiga machoni. "Kata, Kitinda," akasema. "Watu wanakuja."

Saa sita, Baba Mdogo na Mzee Honi waliporudi, uwanja ulikuwa mweupe. Matawi yalirundikwa nje, yakisubiri gari la taka. Turubai limefungwa, ingawa liliufunika uwanja nusu tu, na ufagio ulikuwa umeacha mistari yake. Baba Mdogo akapiga makofi mawili. "Hapo sasa! Hapa hata mchungaji ana pa kupita."

Mzee Honi alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Alitazama kisiki cha mpera. Alitazama ukuta wake mwenyewe, ambao hakuwa ameuona miaka mingi, una ukungu na nyufa. Kisha akasema, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kusikia sauti ya Mzee Honi ikiwa ndogo:

"Nani kagusa sebule ya Mama Pasi?"

Mkubwa akamsogelea kwa upole, akaongea karibu na lile sikio zima. "Hakuna aliyeigusa, mzee wangu. Nimeifunga. Ufunguo huu hapa." Akautoa kibindoni, akamwonyesha.

Mzee akautazama ule ufunguo, akamtazama aliyeushika.

"Huo wa wapi?"

"Wa sebule. Ile ya mbele."

"Ile?" Mzee Honi akatikisa kichwa. "Ile mama yako alikuwa anaiita Kwa Mkubwa. Alikuwa akisema, 'Ngoja nikafute vumbi Kwa Mkubwa, leo Jumapili.' Hapa ndipo sebuleni. Kila mtu mtaani anajua. Ukigonga mlango wake anakwambia, zunguka, tupo sebuleni."

Mkubwa akaufumbia ule ufunguo kiganjani.

"Na wewe ndiye uliyepabatiza," mzee akaendelea, bila kujua anachokifanya. "Alitusimulia. Alisema, 'Binti yangu wa kliniki ameniambia wageni wakae sebuleni, naye kasema kweli. Mimi wageni wangu wote wako hapa, basi hapa ndipo sebuleni.' Alicheka siku hiyo! Alijivunia. Alisema jina katoa mwanangu."

Kitinda akaliachia panga, likaanguka kwenye sakafu ya kizingiti.

Mkubwa alitoka nje, kwenye lile rundo la matawi. Akapiga magoti barabarani na nguo yake ya msiba, akaanza kuyafukua kwa mikono. Wapita njia walidhani ameangusha kitu cha thamani. Alikipata kile kiota chini kabisa, kimebonyea ubavuni, kimefumwa kwa nyuzi za buibui na majani na kipande kimoja cha uzi mweupe wa kufumia vitambaa. Akaingiza kidole. Kilikuwa kitupu. Akamshukuru Mungu kwa hilo moja, maana lingine la kushukuru hakuliona.

Nesi akamkuta hapo, akitoka zamu, viatu mkononi kama ilivyokuwa desturi yake. Alitazama rundo, akaelewa. Hakumlaumu. Alisema tu, "Pole, dada yangu," akasimama kidogo asijue aelekee wapi, kisha akavaa viatu vyake, akaenda kwake. Mkubwa aliona afadhali angemtukana.

Jioni Kitinda alitaka kuving'oa visiki ili uwanja uwe sawa. Mkubwa akamzuia. "Viache. Usiguse tena kitu." Akachukua ndoo, akachota maji bombani, akalijaza lile beseni. Akarudisha mawe, lakini hakujua yalivyopangwa. Akayaweka hivi, yakaanguka. Akayaweka vile. Mzee Honi alikuwa anamtazama kwa juu ya ukuta, ambao sasa haukuwa na majani. Akazunguka akaingia, akainama kwa taabu, akaweka jiwe bapa chini, akaweka jingine juu yake. Walipomaliza mzee akafuta mikono kwenye suruali.

"Ulijuaje wewe, mzee, na mimi mtoto nisijue?" Mkubwa akauliza.

"Mimi nilikuwa nakaa," Mzee Honi akasema.

Usiku ule Mkubwa alisali, na sala haikupanda. Alizoea kumwomba Mungu awasamehe watu wengine. Aliweza kumlilia Mungu, Mungu alikuwapo. Aliyetaka kumwomba radhi hakuwapo tena, na neno lake la mwisho alilokuwa amemwachia alikuwa amelishika kinyume, kwa nguvu zake zote, na ufunguo kibindoni.

Siku ya mazishi watu walijaa. Walikuja wapiga pasi wa dobi, wenye alama zao za moto mikononi, na kwaya, na wafanyakazi wa kliniki, na wakwe. Gari la maiti liliposimama, Baba Mdogo alielekeza jeneza liingizwe sebule ya mbele. Mkubwa akafungua mlango ule kwa ufunguo wake, akapita katikati ya makochi, akaufungua na mlango wa nyuma.

"Apitishwe," akasema. "Asilazwe hapa. Alazwe sebuleni kwake."

Wakampitisha. Wakamweka juu ya viti viwili, kando ya kisiki cha mpera, karibu na beseni. Hapo turubai halikufika. Jua lilikuwa kali, na waombolezaji waliokosa kivuli walijipepea kwa leso, jasho likiwatoka kama wako chumba cha pasi. Mama mkwe alikuwa miongoni mwao. Alitazama huku na huku akauliza kwa sauti ya chini, "Ule mti mzuri uko wapi? Na wale vyura? Nimekuwa nikiwasimulia wajukuu habari ya yule chura miaka yote hii."

Mkubwa alimsikia. Hakuwa na pa kuuweka uso.

Zamu ya familia kusema neno ilipofika, ilitakiwa asome wasifu wa marehemu. Alisimama. Alitaja mahali alipofanya kazi, watoto aliowaacha. Kisha akakunja karatasi.

"Hapa tulipo palikuwa na bustani," akasema. "Wengi wenu mmekaa ndani yake kuliko mimi. Mama alipaita sebuleni, akaacha neno kwamba pasiguswe. Mimi sikujua sebule ya mama yangu ni ipi. Hilo jua linalowapiga, aliyewaletea ni mimi. Niliionea aibu bustani yake, na leo ninaona aibu mbele yake. Naombeni radhi kwenu, kwa sababu yeye siwezi tena kumwomba."

Kwaya ilisahau kuanza. Katika ukimya ule akaja chozi. Aliruka mpaka pale kichaka cha maua mekundu kilipokuwa, akasimama hewani, mbawa zikitetema, mdomo ameuelekeza mahali pasipo na kitu. Akasogea kidogo, akajaribu tena. Kisha akatua kwenye kamba ya turubai, akabaki hapo akitazama.

"CHOZI," Mzee Honi akasema kwa sauti yake yote, na wenyeji wa sebule ile, nesi na wapiga pasi na majirani wa ukuta, wakacheka na kulia kwa pamoja. Mkubwa alilia bila kucheka.

Wakaomba. Wakapita mmoja mmoja kuaga. Mkubwa alipofika aligusa mkono wa kulia wa mama yake, kwenye zile alama za ngazi, kisha marehemu akafunikwa uso, na mafundi wakafunga jeneza.

Makaburini mchungaji aliongoza sala. Jeneza likateremshwa kwa kamba nne, taratibu, Kitinda ameshika moja na Baba Mdogo nyingine. Mkubwa akatupa udongo wake, wa kwanza, kiganja kimoja. Aliuchukua nyumbani, chini ya yale majani aliyoyafagia, na ulikuwa mweusi kuliko ule wa pale. Wakafuata ndugu, wakafuata majirani. Vijana wakachukua sepetu wakafukia. Nesi akaweka maua. Mzee Honi alisimama kofia mkononi mpaka kazi ikaisha. Mchungaji akatoa baraka, watu wakaanza kutawanyika.

Mkubwa akasema, "Kwaheri, mama." Akamshika mdogo wake mkono, wakaenda kwenye gari.